Asumini ya Bi Shuwea

Mtupa paka hubaki na harufu. Mmenisikia asubuhi hii nikiyasema maneno hayo uani kwa Mama Zamda, alipokuwa akipiga kelele kwamba paka wa jirani amemharibia matuta yake ya mchicha na kwamba leo atafungwa guniani akatupwe mbali. Mmeona alivyonyamaza. Ninyi mkacheka, mkadhani ni matusi ya kizee. Sasa mnataka kujua yalitoka wapi, na wewe Nassoro unauliza huku gunia la kumtilia paka bado liko begani mwako. Liweke chini kwanza. Kaeni, na anayetaka kutafuna tafuna akae mbali nami. Methali hii ilianza hivi.

Hapa hapa Mkadini, kabla mimi sijazaliwa, walikuwako wanawake wawili waliotenganishwa na ukuta mmoja. Wa kwanza alikuwa Bi Shuwea, mtunga vikuba. Ninyi wasichana kikuba mnakijua, ingawa siku hizi mnajipulizia vichupa mpaka mtu akipita karibu nanyi anapiga chafya. Kikuba ni asumini, rihani na ukadi, vinafungwa pamoja kifungu kidogo na kubanwa nyweleni au kifuani. Zamani bi harusi hakutoka bila kikuba, na kikuba ambacho hakikutoka mkononi mwa Bi Shuwea watu walikiona majani tu.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na ua mpana, na katika pembe ya ua ule ulisimama mwasumini mmoja mkubwa uliotambaa juu ya ukuta. Mwasumini ule ulikuwa ajabu. Kiangazi kilipokuja na mimea ya watu wengine ikakauka, wa Bi Shuwea ulizidi kuwa kijani, na kila alasiri alichuma vitumba vyake vyeupe kabla havijafunguka akajaza ungo. Watu walisema ana mkono wa kupanda. Naye aliamini, maana sifa ni tamu, na hakujiuliza hata siku moja kwa nini mti asioumwagilia sana unakunywa kuliko miti ya wenzake.

Upande wa pili wa ukuta aliishi Bi Kazija, mjane asiye na mtoto. Siku matanga ya mumewe yalipoanuliwa na watu wote kwenda zao, paka mmoja wa kijivu aliingia kwake akiwa amelowa mvua, akalala juu ya miguu yake. Bi Kazija alimwita Kijoto. Tangu siku ile kila jioni, baada ya sala ya magharibi, aliichukua sahani yake ya bati akaigonga kwa kijiko, tin, tin, tin, na Kijoto alitokea juu ya ukuta akaruka ndani kuja kula. Mtaa mzima uliizoea sauti ile.

Wanawake hawa walikuwa mashoga wa kweli. Ukutani palikuwa na tundu ambalo jiwe lake lilitoka zamani, na kupitia hapo walipeana kaa la moto, chumvi, na bakuli la mchuzi likiwa bado linafuka. Hawakuitana majina. Huyu alisema "shoga" na yule akaitika "labeka shoga", na kama mmoja alikuwa na jambo, mwenzake alilijua kabla halijapoa.

Ugomvi wao ulianza na mavi ya paka. Ndiyo, cheka Nassoro, lakini jambo lina jina lake. Kijoto alipotaka kujisaidia hakwenda kwenye jivu la jiko wala kwenye mchanga karibu na mlango wa uani. Alivuka ukuta akaenda moja kwa moja kwenye shina la mwasumini, akafukua, akamaliza haja yake, akafukia. Kesho yake pale pale. Mwanzoni Bi Shuwea alicheka akaondoa kwa kifuu. Halafu akatandaza miba ya mlimau. Kijoto akapita katikati ya miba. Akanyunyiza pilipili ya unga, na paka akapiga chafya, akafukua.

Kisha likaja la aibu. Bi harusi mmoja wa mtaa wa juu alitolewa mbele ya wanawake akiwa na kikuba cha Bi Shuwea nyweleni. Akakunja uso, akakivuta, akakinusa, akakitupa chini. Wanawake waliokaa karibu wakasikia harufu ya mkojo wa paka. Katika mji kama huu habari ya namna hiyo hailali njiani. Kabla ya Ijumaa watu wawili waliokuwa wameagiza vikuba walituma salamu kwamba hawavihitaji tena. Na Bi Shuwea alikuwa anajiandaa kumwoza binti yake wa pekee, Salha, na hofu yake kubwa ikawa kwamba siku ya mwanawe watu watakuja na pua zao tayari.

Akaenda kwenye tundu la ukuta.

"Shoga, paka wako ananivunjia heshima."

"Nimesikia, shoga, na roho imeniuma," akasema Bi Kazija. "Lakini nifanyeje? Nikimfungia ndani hulia mpaka watu wanakuja kunipa pole."

"Mfunge kamba."

Bi Kazija akasema, "Hebu niambie kitu kimoja. Ua wako ni mkubwa, na wangu una udongo tele. Kwa nini anakwenda pale pale tu?"

"Nikamuulize paka?"

"Si kumuuliza. Kupatazama tu pale anapofukua."

Bi Shuwea aliliona neno lile kuwa dharau. Mtu ameaibishwa mbele za watu, anaambiwa akatazame! "Nikatazame mavi ya paka wako, Kazija?" akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Siku ile hapakupitishwa kaa la moto tunduni.

Sasa mnajua kwamba kwetu kumuua paka ni jambo zito. Anayemwaga damu ya paka, wazee walisema, haendi mbali kabla hajalipwa. Lakini kumtupa paka watu hulifanya, na lina utaratibu wake. Unamtia kwenye kikapu chenye kifuniko, unakizungusha ili asijue njia, unamvusha maji. Na tangu unapotoka mlangoni kwako mpaka unapomwacha, hutakiwi kusema na mtu yeyote, maana paka akiisikia sauti yako njiani ataifuata kurudi. Wala hutakiwi kugeuka nyuma.

Asubuhi moja Bi Shuwea aliweka kichwa cha samaki ndani ya kikapu, Kijoto akaingia mwenyewe, na kifuniko kikafungwa. Alipotoka barazani alimkuta Bi Kazija anafagia mlangoni kwake.

"Umeamkaje, jirani?" akasema Bi Kazija.

Bi Shuwea akapita. Hakuitikia. Alitazama mbele, kikapu kikiwa kimefunikwa kwa kanga, akashika njia ya kwenye hori, ule mkono wa bahari. Maji yalikuwa yamekupwa, akavuka kwa miguu katika tope mpaka ng'ambo kwenye mikoko, akafungua kifuniko juu ya jiwe moja kubwa na kurudi haraka kwa sababu maji yalianza kujaa.

Alitarajia kumsikia akilia. Paka wote waliotupwa hulia. Alivuka nusu ya hori na maji yamefika magotini, na nyuma yake hapakuwa na sauti yoyote, na ukimya ule ukamshika shingo, ukamgeuza. Kijoto alikuwa ameketi juu ya jiwe, miguu ameibana pamoja. Hakumtazama Bi Shuwea hata kidogo. Alitazama juu ya kichwa chake, upande wa mji, sikio moja amelitega, kama mtu anayejaribu kusikia kama ameitwa. Maji yakazidi, naye Bi Shuwea akakimbia.

Jioni ile sahani iligongwa kwa Bi Kazija. Tin, tin, tin. Iligongwa mpaka isha ikaadhiniwa. Bi Shuwea alikaa jikoni akijidai anachagua mchele, na Salha akamuuliza, "Mama, Kijoto yuko wapi leo?" Akajibu kwamba paka hutembea.

Kulipokucha alikwenda kwenye mwasumini wake na moyo mweupe. Akakuta udongo umefukuliwa, pale pale. Kilima kidogo kilikuwa kimejikusanya kando ya shina, kama alivyokuwa akikiacha Kijoto, kimefukiwa vizuri. Akachukua kifuu aondoe uchafu. Chini ya kilima hapakuwa na kitu. Udongo mtupu, laini, wa baridi. Lakini harufu ilikuwepo, kali kuliko siku zote.

Akasema moyoni, ni ya jana. Akamwaga maji, akachoma udi, akazunguka na chetezo ua mzima. Kesho yake udongo ukafukuliwa tena, na safari hii katikati ya mfukuo palikuwa na kitundu kidogo, upana wa kidole. Bi Shuwea akainama akatia kidole chake. Hewa ikampuliza kutoka chini, baridi, kama pumzi ya mtu aliyefungua kinywa aseme neno. Akatoa kidole upesi. Panya, akajiambia. Akatafuta jiwe akaziba.

Asubuhi iliyofuata jiwe halikuwapo, na tundu limepanuka. Akaziba kwa jiwe kubwa zaidi. Nalo likaondoka. Ikawa kila siku anaweka jiwe na kila siku halipo. Alasiri moja, alipokuwa amekwisha kuweka jiwe na kugeuka aingie ndani, alisikia mlio mdogo, chubwi, wa mbali sana, kama kata iliyodondoka ndani ya mtungi. Akajiambia ni mtungi wa Bi Kazija, na kwamba ndiye anayeyachukua mawe. Hasira ikampanda, akaenda ukutani akapaza sauti.

"Nirudishie mawe yangu!"

"Mawe gani?" ikajibu sauti ya Bi Kazija.

"Unajua mawe gani! Kama ni uchawi wako basi umeshindwa, mimi nasoma Kurani!"

 Tangu siku ile Bi Shuwea aliamini kabisa kwamba jirani yake anamfanyia jambo. Ndivyo tulivyo. Mtu akikukosea utamsamehe, lakini ukimkosea wewe, kila upepo ukivuma utasema ni yeye aliyeutuma.

Na harufu ikawa inamfuata. Aliisikia kwenye ungo wa asumini, kwenye kanga zilizokunjwa sandukuni, kwenye vidole vyake anapokula. Aliosha mikono kwa ndimu mpaka ngozi ikachanika. Salha alimwambia hasikii kitu, akamkaripia mtoto kwamba ana mafua.

Jioni moja sahani iligongwa, halafu ikaacha mapema. Bi Shuwea akamsikia Bi Kazija anasema kwa sauti ya chini, "Kula, Kijoto. Umechelewa leo."  Akasogea kwenye tundu la ukuta akachungulia. Bi Kazija alikuwa ameketi peke yake kwenye kigoda, na mbele yake ile sahani ya bati. Hapakuwa na paka. Ndani ya sahani ulikuwamo mwiba wa samaki, umesafishwa, mweupe, hauna hata chembe ya nyama.

Bi Kazija akainua macho akatazama lile tundu. "Mbona unachungulia, jirani?" akasema kwa upole. "Mlango uko wazi. Ingia."

Bi Shuwea alirudi nyuma mpaka akajikwaa kwenye kinu. Usiku ule taa yake haikuzimwa.

Siku za harusi zikafika. Kwetu, kabla ya ndoa, bi harusi hukalishwa akasingwa: somo wake humpaka liwa na singo mwili mzima, humsugua mpaka ngozi inanukia yenyewe, na wanawake hukaa kumzunguka wakiimba. Kwa kawaida hufanywa chumbani. Lakini Bi Shuwea alikuwa na lake la kuonyesha. Alitaka mji wote uone kwamba Salha anasingwa chini ya mwasumini uliowapamba mabinti wa watu, na kwamba pale hapanuki paka. Akamwaga mchanga mpya, mweupe, kutoka ukutani mpaka kwenye shina, akafunika mfukuo na lile tundu. Akafagia mchanga ule mpaka ukawa laini. Akatandika mkeka wa ukindu. Akaweka vyetezo vya udi pande zote.

Aliwaalika wanawake wa mitaa yote. Bi Kazija hakumwalika. Mnaelewa maana yake? Kumnyima jirani wa ukuta mmoja mwaliko wa harusi ni sawa na kumwambia amekufa.

Alasiri Salha akaletwa, amefungwa kanga kifuani, na somo wake, Bi Mize, akamketisha katikati ya mkeka. Bi Mize alikuwa mwanamke mnene na mwenye macho. Alipopiga magoti akasema, "Shuwea, hapa panabonyea."

"Ni mchanga mpya huo. Endelea."

"Panabonyea sana."

"Mize, nimekuita kusinga au kupima ardhi?"

Wanawake wakacheka, Bi Mize akatia mkono kwenye bakuli la liwa. Wakasogea wote karibu, magoti kwa magoti, wakaanza kuimba. Salha alikuwa amepakwa mikono na mgongo, amefumba macho. Bi Shuwea alisimama kando ya shina, na kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi moyo wake ulitulia.

Ndipo sahani ikagongwa.

Tin, tin, tin. Jua lilikuwa bado liko juu, magharibi ilikuwa mbali. Mmoja baada ya mwingine wanawake wakaacha kuimba wakageuka kuutazama ukuta. Sahani ikaendelea, polepole. Na katika ukimya ule harufu ikaja. Haikuja kidogo kidogo. Ilitoka chini ya mkeka kwa nguvu mpaka macho yao yakatoka machozi, harufu ya mkojo wa paka, na udi wote ule ukawa si kitu.

"Paka!" akapiga kelele mmoja wao. "Yuko chini ya mkeka!"

Wakainuka wote kwa pamoja, wanaziba pua, wanakanyagana. Bi Mize akamshika Salha mkono uliojaa liwa akamvuta, mkono ukateleza, akamshika tena kwa kwapa akamburura mpaka karibu na jiko. Bi Shuwea akaruka mbele kukamata ncha ya mkeka, aufunue, amwonyeshe kila mtu yule mlaanifu aliyejificha. Akavuta. Mkeka haukuja. Ulikuwa unavutwa upande wa pili.

Akauachia, na hiyo ndiyo iliyomponya. Mkeka ulizama katikati, kingo zake zikainuka, ukajikunja na kwenda chini pamoja na vyetezo na bakuli la liwa. Mchanga mweupe ukaufuata ukimiminika. Kisha mwasumini ule mkubwa ukainama taratibu, ukang'oka ukutani, ukashuka na maua yake yote. Muda ukapita hawasikii kitu. Halafu ikasikika, mbali chini, sauti ya maji.

Kilikuwa kisima. Kisima cha watu waliokaa katika kiwanja kile zamani, kilichofunikwa kwa boriti na kufukiwa udongo mpaka kikasahaulika. Boriti zilikuwa zinaoza mwaka baada ya mwaka, na udongo wa juu ukawa unapungua kuingia ndani. Ndiyo maana mwasumini ulikunywa kiangazi. Ndiyo maana udongo wa pale ulikuwa laini, na paka gani atafukua pagumu akaacha palaini? Kijoto alikuwa akiwaonyesha kila siku, na kila siku waliona mavi tu.

Harufu ilikatika pale pale. Kutoka kisimani ikapanda harufu ya asumini iliyopondwa, nzuri, na baadhi ya wanawake wakaanza kulia kwa hofu. Bi Shuwea hakulia. Alikuwa anatazama mchanga aliokuwa ameufagia mwenyewe, ule uliobaki upande wa ukutani, ambako hakukaa mtu. Juu yake zilikuwapo nyayo za paka, mpya, kutoka ukingo wa shimo hadi chini ya ukuta wa Bi Kazija. Zilikuwa zinatoka. Hapakuwa na nyayo zinazokwenda.

Msomi ataniambia ilikuwa hewa ya kisima cha zamani. Sawa, baba. Mimi nimenusa visima vingi, vinanuka kisima.

Bi Shuwea akatoka kwa mlango wa mbele, miguu mitupu, kanga imemwanguka begani, akaenda kwa jirani yake. "Hodi," akasema.

"Karibu."

Bi Kazija alikuwa ameketi juu ya jamvi anashona ukili. Bi Shuwea akasimama kizingitini.

"Umepiga sahani alasiri hii. Kwa nini?"

"Sijapiga."

"Nimeisikia. Wote wameisikia."

Bi Kazija akageuka kutazama ukuta. Sahani ya bati ilikuwa inaning'inia kwenye msumari wake, kavu, na kijiko kimechomekwa juu ya mlango. Wote wawili wakaitazama. Bi Kazija akaweka ukili chini.

"Pale anapofukua palikuwa na kisima," akasema Bi Shuwea. "Mwanangu alikuwa ameketi juu yake."

"Yuko wapi?"

"Mzima. Yuko jikoni na liwa yake." Kisha akakaa chini pale mlangoni. "Nilimtupa, shoga. Nilimtupa Kijoto ng'ambo ya hori."

"Najua."

"Nani alikwambia?"

"Wewe. Nilikusalimu hukuitikia. Mtu haachi salamu ya jirani yake asubuhi ila ana paka kikapuni."

"Ulijua siku zote hizo! Mbona hukuniambia kitu?"

"Nilikuwa nangoja uniitikie," akasema Bi Kazija.

Bi Shuwea akajifunika uso kwa kanga, akaitoa tena upesi. "Wenzangu wote harufu imewatoka. Wanasema inanukia asumini sasa. Mimi bado naisikia ile ile. Hata hapa naisikia."

Bi Kazija akamsogelea. Hakuwa na hasira, na wala hakumwambia yamekwisha, kwa sababu hayakuwa yamekwisha. "Mtupa paka hubaki na harufu," akasema. Akainuka, akakunjua jamvi lake katikati ya ua. "Mlete mtoto amalizwe kusingwa hapa kwangu. Liwa ikimkaukia itamwasha."

Basi Salha alisingwa kwa Bi Kazija, na akaolewa salama. Kile kisima kilijengewa ukingo wa mawe, mnakijua, ndicho kile chenye kifuniko cha bati nyuma ya madrasa, pale ilipokuwa nyumba yake. Bi Shuwea alivuka hori kila maji yalipokupwa, sahani ya bati mkononi, akiigonga kati ya mikoko. Hakumpata Kijoto, wala mfupa wake.

Alipanda mwasumini mwingine. Akatunga vikuba tena na watu wakarudi, maana mkono wake ulikuwa ule ule. Lakini pua yake haikupona. Akishika asumini alisikia paka, akishika rihani alisikia paka, hakujua tena kipi kizuri na kipi kimeharibika. Ndiyo ikawa kila alasiri anapitisha ungo kwenye lile tundu la ukuta na kusema, "Ninusie, shoga." Na Bi Kazija ananusa kimoja kimoja, anasema, "Hiki kizuri. Hiki weka kando." Wakazeeka hivyo. Bi Kazija alipofariki, Bi Shuwea alipitisha ungo tunduni jioni ile kwa mazoea, akasimama akiushikilia kwa muda mrefu. Hakutunga kikuba tena.

Nimeyapata wapi? Nimeyapata kwa mama yangu, aliyekuwa ameketi juu ya mkeka ule. Salha ndiye aliyenizaa. Na bibi yake Mama Zamda alikuwa mmoja wa wale waliosimama wakiziba pua, ndiyo maana mmemwona ananyamaza. Anaijua hadithi, aliisahau kidogo tu kwa ajili ya mchicha.

Haya, Nassoro. Hilo gunia lirudishe lilikotoka. Kisha nenda uani kwa Mama Zamda, usiende na fimbo, ukatazame yule paka anafukua wapi, na ukanyage udongo wake taratibu. Na ukikutana na jirani yeyote njiani akakusalimu, umwitikie. Mtupa paka hubaki na harufu.